Kiti cha Meno Kabondo: Anza na Sakafu

Daktari wa meno anayetaka kufungua kabineti, yaani kliniki yake, Kisangani huanza na picha. Muuzaji wa Foshan, mji wa kusini mwa China wenye viwanda vingi vya viti vya meno, humtumia kwenye simu picha kumi na mbili: kiti cha buluu, cha kijani, cha rangi ya chungwa, chenye skrini, chenye taa ya LED inayowaka kwa kupungiwa mkono. Bei iko chini ya kila picha. Daktari anachagua kimoja, anakituma kwa ndugu yake aliye Brussels amshauri, kisha anaanza kutafuta pesa. Wakati huo sakafu ya chumba bado haijamwagwa, waya wa ardhini haujafikiriwa, na hakuna aliyepima upana wa mlango.

Kazi hiyo imeanzwa kichwa chini miguu juu. Kwa mtu wa Kabondo kiti ndicho kitu cha mwisho kuchaguliwa. Kwanza ajue umeme atakaopata, upepo atakaoutengeneza, maji atakayoyaamini, na fundi atakayemwita Jumatatu asubuhi kitu kikigoma. Mambo hayo manne ndiyo yatakayomwambia anunue kiti gani.

Kabondo ni moja ya komini sita za Kisangani, pamoja na Makiso, Mangobo, Tshopo, Kisangani yenyewe na Lubunga iliyo ng'ambo ya mto. Ina eneo lake la afya na hospitali yake kuu ya rejea. Wagonjwa wa meno hufika kwa miguu, kwa pikipiki, au wameketi nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, shavu limefungwa kitambaa. Wengi hufika wamechelewa. Wamesukutua maji ya chumvi, wameweka karafuu, wamemeza dawa za dukani, na wanapokuja jino limekwisha kuoza hadi kwenye mzizi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na wengi wao wanaishi katika nchi za kipato cha kati na cha chini. Kwa mgonjwa wa Kabondo swali ni moja: jino hili litazibwa au litang'olewa? Jibu hutegemea mara nyingi kama mashine za daktari zinafanya kazi siku ile.

Shangazi yangu aliwahi kukwama juu ya kiti kizuri kabisa, katika kabineti ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya pazia. Kekee ilikuwa inalia kwa ile sauti yake nyembamba, mara sauti ikashuka kama filimbi inayoishiwa pumzi, taa ikazimika, feni ikapunguza mwendo. Kuran, yaani umeme, ilikuwa imekwenda. Kiti kilikuwa kimelazwa kabisa, kichwa chake kiko chini kidogo ya magoti, na kinywa kimejaa maji ambayo mashine ya kunyonya haikuyanyonya tena.

"Mama, geukia upande wangu, utemee humu," daktari alimwambia, akimshikia bakuli.

"Docta, niinue kwanza."

"Kiti hakiinuki bila kuran, mama. Nitakushika mgongo."

Tukamwinua watu wawili, mama wa miaka sitini na mitano, miguu ikining'inia upande, mkono mmoja umeshika mkoba wake. Jino lilikuwa limetobolewa nusu. Aliwekewa pamba yenye dawa, akaambiwa arudi siku ya tatu.

Daktari yule hakuwa mzembe. Mikono yake ilikuwa mizuri na chumba chake safi. Alinunua kiti kwa kuangalia kiti peke yake, basi.

Ili kuona kosa lilipo, tukumbuke kiti cha kisasa kilivyozaliwa. Hadi katikati ya karne ya 20 mgonjwa aliketi wima na daktari alisimama. Mwaka 1957 Mmarekani John Borden alileta sokoni kekee inayozungushwa na upepo, yenye tabini ndogo ndani ya kichwa chake, mizunguko laki tatu kwa dakika. Za leo hufika laki nne. Kasi hiyo huchoma jino lisipomwagiwa maji. Maji yakimwagwa, kinywa hujaa. Kinywa kikijaa, lazima pawe na mashine ya kunyonya na msaidizi wa kuishika. Mwaka uliofuata, 1958, John Naughton alitoa kiti cha kumlaza mgonjwa, na daktari akapata kuketi. Tangu hapo kiti, upepo, maji na kunyonya vimefungwa pamoja kama kamba ya nyuzi nne, na ukikata uzi mmoja, kazi nzima inasimama. Kwa hiyo anayenunua kiti ananunua mtambo mzima, hata kama kwenye picha anaona godoro na taa tu.

Tuanze na umeme, maana ndio unaoua viti vingi. Kisangani hupata umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kutoka bwawa la mto Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950 ndani ya mji wenyewe. Lina mashine tatu, na uwezo wake lilipokuwa zima ulikuwa takribani megawati 19. Mashine hizo zimechoka. Kuna misimu ambapo moja tu ndiyo inayozunguka, na mitaa inapewa umeme kwa zamu. Kabondo hawahitaji kuelezwa hilo. Ila umeme kukatika ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni namna unavyorudi: unashuka hadi taa inakuwa nyekundu kama kaa, kisha unapanda ghafla kupita volti 220, na bodi ya elektroniki iliyo ndani ya kiti inaungua kimyakimya.

Halafu kuna radi. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kisangani iko mbali na Kabare, lakini iko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, katikati ya msitu, na ngurumo za alasiri zinajulikana na kila mtoto. Kiti chenye skrini na bodi tatu kikifungwa kwenye nyumba isiyo na waya wa ardhini wala kinga ya radi kitaishi hadi mvua kubwa ya kwanza. Fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini penye unyevu, waya mnene hadi kwenye kisanduku cha umeme, kinga ya radi na stebilaiza: vitu hivyo vinne havina mvuto wowote kwenye picha, na vinatangulia kiti.

Sasa hesabu. Kompresa ya kiti kimoja hula wati 750 hadi 1,100. Mashine ya kunyonya hula kama 500. Kiti chenyewe hula umeme wa maana pale tu kinapopanda na kushuka, na taa ya LED ni kama balbu ya nyumbani. Mla umeme mkubwa ni otoklevu, chungu cha kuchemshia zana kwa mvuke: kilowati mbili kwa urahisi. Ukiwasha vyote pamoja unahitaji karibu kilowati nne. Ukivitenganisha, mambo yanabadilika kabisa. Otoklevu inaweza kungoja. Zana zikichemshwa alfajiri kuran ilipo, au kwa jenereta saa moja jioni, hakuna mgonjwa anayeumia. Kisichoweza kungoja ni kile kilichoko kinywani mwa mtu. Kompresa ya wati 800 ikizunguka jumla ya saa mbili kwa siku inakula uniti 1.6, mashine ya kunyonya saa mbili, uniti moja, taa siku nzima, robo uniti. Jumla haifiki uniti tatu. Hizo zinaweza kubebwa na betri za uniti tano na inveta ya kVA tano, zikichajiwa na paneli za jua au na SNEL inapopatikana. Sababu ya kutaka inveta kubwa kwa mzigo mdogo ni kwamba kompresa inapoanza kuzunguka hudai kwa muda mfupi mara tatu hadi sita ya umeme wake wa kawaida, na inveta ndogo huzima papo hapo. Ninaamini hiki ndicho kifaa cha kwanza kununuliwa. Kabineti yenye betri na kiti cha bei ya chini itatibu watu wengi kuliko yenye kiti cha fahari kinachongoja zamu ya mtaa.

Upepo nao una mtego wake. Tabini moja inahitaji lita 40 hadi 60 za hewa kwa dakika, na kompresa inapaswa kuhifadhi hewa hiyo kwa mgandamizo wa bari sita hadi nane. Kijana wa kwado, fundi wa matairi, pale barabarani ana kompresa inayofanya hivyo kila siku anapojaza matairi, na bei yake ni ndogo. Wapo wanaoinunua. Kompresa ya kwado hulainishwa kwa oili, na oili hiyo huja na hewa, hupita kwenye mipira ya kiti, huharibu vali, na mwisho huingia kwenye shimo la jino ambapo dawa ya kuziba haitashika. Kompresa ya meno haina oili. Kisangani kuna adui mwingine: unyevu. Hewa ya mji ule imejaa maji mwaka mzima, na ukiikandamiza maji yale hujikusanya chini ya tangi. Usipofungua koki ya chini kila jioni uyatoe, yatafika kwenye kekee na kula mipira yake midogo ya chuma. Nunua kompresa yenye kikausha hewa, na hata hivyo fungua koki. Na usiiweke ndani ya chumba cha matibabu. Iwe nje, kivulini, chini ya bati, kwenye zege, na matundu yake yawekewe wavu wa kuzuia wadudu.

Mashine ya kunyonya iko ya aina mbili. Moja huendeshwa na mota yake. Nyingine haina mota. Hutumia upepo wa kompresa kuvuta mate, na viti vingi vya bei ndogo huja nayo kwa sababu ni rahisi kutengeneza kiwandani. Muuzaji atakwambia imekupunguzia gharama. Lakini inakula hewa kwa pupa: kompresa ndogo haiwezi kulisha kekee na mnyonyo huo pamoja, itazunguka bila kupumzika hadi ichemke. Afadhali mota ndogo yake yenyewe.

Kuhusu maji kuna hesabu ambayo wajenzi wengi huikosa. REGIDESO, shirika la maji, nalo hukata, kwa hiyo mtu anajenga mnara wa mita tatu, anaweka tangi juu, anaona amemaliza. Kila mita ya kimo hutoa bari 0.1 tu. Mnara wa mita tatu hutoa bari 0.3, na kiti kinadai kati ya mbili na nne. Maji yatafika kwenye sinki na kwenye beseni la kutemea, lakini kekee haitapata kitu. Dawa yake ni chupa ya maji iliyofungwa kwenye kiti chenyewe, ya lita moja au mbili, inayosukumwa na upepo wa kompresa. Kwa Kabondo chupa hiyo ni sharti, na faida yake inapita mgandamizo. Ndani ya mipira myembamba ya kiti, maji yanayolala usiku huota utando wa vijidudu. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, inataka maji ya matibabu ya kawaida ya meno yasizidi vijidudu 500 kwa mililita, na kiti kisichosafishwa kinaweza kupita kipimo hicho mara nyingi sana. Ukiwa na chupa, unajua ulichotia: maji yaliyochemshwa na kupozwa, au yaliyotoneshwa. Jioni unaifungua, unaimwaga, unapuliza mipira ikauke. Kiti kinachotegemea bomba la mji peke yake kisinunuliwe, hata kwa nusu bei.

Hapo tumefika sakafuni. Kila kiwanda kinachojiheshimu hutoa karatasi ya vipimo inayoonyesha mahali pa kutoboa: hapa umeme, hapa hewa, hapa maji, hapa bomba la uchafu, na njia ya mashine ya kunyonya. Vyote huibukia kwenye kisanduku kimoja miguuni pa kiti. Bomba la uchafu liwe la milimita 40 au 50 na liwe na mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita, la sivyo mate na unga wa meno vitalala ndani na chumba kitanuka. Waya za umeme zipite kwenye bomba lake, mbali na maji. Haya yafanyike kabla ya kumwaga zege. Nimeona sakafu ya vigae vipya ikipasuliwa kwa tindo ili bomba lipite, kisha ikazibwa kwa saruji isiyolingana. Kiti kikayumba kila mgonjwa alipogeuka. Kiti pamoja na mgonjwa mzito kinaweza kuzidi kilo 300, na uzito wote unakaa juu ya bamba moja la chuma. Zege liwe sawasawa, limepimwa kwa pima maji, na liachwe likauke vizuri kabla ya kufunga boliti.

Chumba cha mita tatu kwa tatu kinatosha, ila kiti kisiwekwe katikati. Chora uso wa saa ya ukutani sakafuni, kichwa cha mgonjwa kikiwa katikati yake, miguu ikielekea namba 6. Daktari anayetumia mkono wa kulia huzunguka kati ya 8 na 12. Msaidizi hukaa kati ya 2 na 4. Kwa hiyo nyuma ya kichwa iachwe nafasi ya mtu kuketi kwenye kigoda na kusogea, angalau mita moja. Wengi hukisukuma kiti ukutani ili chumba kionekane kikubwa, na daktari anamaliza miaka ishirini akifanya kazi amejipinda, hadi uti wa mgongo unamstaafisha. Dirisha liwe upande wa miguu au wa ubavuni. Siku umeme ukigoma, mwanga wa mchana utamalizia kushona kidonda.

Sasa ndiyo tuzungumze kiti. Mambo machache yanatosha kuamua.

Kwanza, kinavyopanda na kushuka. Viti vya mafuta, vinavyotumia haidroliki, ni laini na vina nguvu, lakini mpira mmoja ukichoka vinavuja na mafuta yake hayapatikani kila duka. Viti vya mota ndogo za volti 24 vina mota moja ya kiti na moja ya mgongo. Ikifa moja, unaitoa kwa boliti nne na kuweka nyingine. Kwa mahali pasipo na fundi wa kampuni ninachagua mota, na ninanunua ya akiba siku ileile ya kununua kiti. Uliza pia: umeme ukikatika, mgongo wa kiti unaweza kulazwa au kuinuliwa kwa mkono? Mtu akizimia akiwa ameketi anapaswa kulazwa mara moja. Hata pale ambapo kiti hulala, weka karibu kigoda kigumu cha kuegemeza chini ya mgongo wake, maana ukilazimika kumkandamiza mgonjwa kifua, kiti kitanesa na nguvu yako itapotea.

Pili, kinavyoamrishwa. Kuna viti ambavyo kila kitu hupitia bodi ya elektroniki, na kuna vile vya mtindo wa zamani ambavyo kanyagio la mguu na vishikio huamrishwa na upepo wenyewe, vali kwa vali. Vya pili havina skrini. Fundi wa friji wa Makiso anaweza kukaa navyo mchana mmoja, akafuata mipira kwa rangi zake, akajua hewa inapotelea wapi. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiti cha Kabondo.

Tatu, ngozi. Kwetu tunafuta kwa klorini, na klorini hupasua ngozi bandia, hasa kwenye mishono ambako damu hujificha. Chukua godoro lisilo na mishono, ufute kwa klorini, kisha upanguse kwa maji safi baada ya dakika zake.

Nne, ncha ya mpira wa kekee. Kuna ya matundu mawili, iitwayo Borden, na ya matundu manne, iitwayo Midwest. Kekee ya moja haiingii kwenye nyingine. Ni jambo dogo linalofanya kekee mpya kabisa ilale kabatini. Hesabu kwanza kekee ulizo nazo, kisha uagize kiti kinacholingana nazo, na uwe na angalau nne, maana kila mgonjwa anadai yake iliyotoka kwenye otoklevu.

Kifaa cha kutenganisha zebaki naona hakihitajiki kwa anayeanza leo, kwa sharti kwamba asianze kutumia amalgamu, dawa ya kuziba yenye zebaki, wala asitoboe ya zamani. Nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana Geneva, Novemba 2025, kuiacha ifikapo 2034. Pesa hizo ziende kwenye betri.

Viti vya msaada vinastahili neno lake. Ndugu zetu walioko ng'ambo wana moyo, na madaktari wanaostaafu huko hutoa viti vyao bure. Kiti kutoka Ubelgiji au Ufaransa kinakubaliana na umeme wetu wa volti 220 na hertz 50. Kiti cha Marekani au Kanada kimetengenezwa kwa volti 120 na hertz 60. Hata ukikiwekea transfoma, baadhi ya mota zake zitazunguka polepole na kupata joto. Uchambuzi wa Perry na Malkin uliochapishwa mwaka 2011 ulipitia orodha za vifaa vya hospitali zaidi ya laki moja katika nchi zenye uwezo mdogo, na karibu 40% vilikuwa havifanyi kazi. Sababu walizozitaja ni zilezile zetu: mafunzo, usimamizi, miundombinu. Pokea kiti cha msaada kikija na kitabu chake, na vipuri vyake, na baada ya kuonyeshwa kwa video kikipanda, kikishuka na kekee ikizunguka. Kikikosa hayo, shukuru na ukatae.

Njia ya kukifikisha nayo huingia kwenye uamuzi. Sanduku la kiti kimoja huweza kuwa na kilo 200 au zaidi. Kutoka Matadi litapanda hadi Kinshasa, kisha mto Kongo, zaidi ya kilomita 1,700 za maji hadi Kisangani, ambako maporomoko ya Boyoma huzuia meli kuendelea. Safari hiyo ni wiki, na mto ukipungua ni zaidi. Kutoka Mombasa litapita Uganda na mpaka wa Kasindi, Beni, kisha barabara ya Komanda na Nia-Nia, zaidi ya kilomita 700 kutoka Beni, yenye matope na, miaka hii, yenye hatari ya watu wenye silaha. Ndege hadi Bangboka, uwanja wa Kisangani, ni haraka, na bei yake inaweza kulingana na ya kiti. Ongeza forodha ya DGDA, ukaguzi wa OCC na TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16%. Kiti cha dola elfu tatu kiwandani hakifiki Kabondo kwa elfu tatu. Somo ninalolipata hapo ni moja: kwa kuwa kila safari ni ghali, vipuri vije na kiti, ndani ya sanduku lilelile. Mioyo ya tabini, mipira ya duara, fyuzi, kanyagio la pili, mota moja, bodi moja kama kiti kina bodi. Uzito wake hauzidi mtoto mdogo, na kila kimoja kikikosekana kitakufungia mlango miezi.

Kuna njia nyingine ya kuziba jino, na ilizaliwa kwetu Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya meno ya Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno bila kekee, kwa kukwangua sehemu iliyooza kwa zana za mkono na kujaza saruji; leo hutumika saruji ya glasi ayonoma, ambayo hushikana na jino yenyewe. Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, na mwaka 2021 likaiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Haihitaji upepo, haimwagi maji, kwa hiyo haihitaji kunyonya. Mgonjwa hulala juu ya meza yenye godoro na mto wa kichwa. Haifai kila jino. Uozo ukifika kwenye mshipa hapana budi kazi nyingine. Lakini mashimo mengi ya watoto wa shule na ya watu wazima wanaokuja mapema yanaweza kuzibwa hivyo, na kazi hudumu.

Wapo madaktari wanaoiona ni tiba ya kijijini, isiyofaa kabineti ya mjini. Siwaungi mkono. Mgonjwa hana haja na sauti ya kekee. Ana haja na jino lake.

Kwa hiyo, kwa anayejenga Kabondo mwaka huu, mpangilio wangu ni huu. Amwage sakafu ikiwa na njia za viti viwili, hata kama cha pili kitakuja baada ya miaka mitano. Afunge waya wa ardhini, kinga ya radi, inveta na betri. Anunue kompresa isiyo na oili inayotosha viti viwili. Anunue zana za mkono na saruji, na meza ya kulalia, aanze kutibu. Kisha kiti kimoja cha mota, cha kuamrishwa kwa upepo, chenye chupa ya maji na sanduku la vipuri. Na kabla ya kutuma pesa amwandikie muuzaji swali moja: kikiharibika, nani atakuja Kabondo, au nani atamwongoza fundi wangu kwa simu, kwa Kifaransa au Kiswahili, na baada ya siku ngapi? Asipojibu kwa maandishi, asilipwe.

Shangazi yangu alirudi siku ya tatu, kuran haikuwepo. Alirudi siku ya tano; ilikuwepo, lakini kiti kilikuwa kimeungua bodi usiku wa mvua. Wiki iliyofuata jino lilivimba, wakalitoa kwa koleo, akiwa ameketi kwenye kiti cha kawaida cha mbao karibu na dirisha. Lilikuwa jino la kuzibwa.